Kadi ya Memori Inapokataa Kusomwa

Mtu atiaye kadi ya memori katika kompyuta ya Linux, akitaraji kuona picha za harusi au sauti za mahojiano aliyorekodi, mara nyingine hupewa jawabu lenye kuudhi kuliko kimya: huambiwa kwa pumzi moja kwamba huenda aina ya mpangilio wa mafaili si sahihi, au chaguo alilolitoa ni baya, au kichwa cha mpangilio kimeharibika, au programu ya kusaidia haipo, au pana kosa jingine lolote. Tangazo litajalo sababu tano kwa wakati mmoja halimwongozi mtu popote, wala si ajabu kwamba msomaji wake, akiwa amekwisha fadhaika, hulikimbilia pendekezo la kwanza atakaloliona, nalo katika simu na kamera nyingi ni lile lile: kadi ifomatiwe. Hapo ndipo hasara inapotimia. Kadi ambayo yamkini ilikuwa na uchafu tu katika vigusio vyake, au iliyopangwa kwa mtindo ambao kompyuta ile haikuufahamu, hufutiwa orodha ya mali yake kwa idhini ya mwenyewe, kisha lawama zote hutupiwa kadi. Nasema tangu mwanzo kwamba katika shida hii utambuzi hutangulia uokoaji, na uokoaji hutangulia matengenezo. Na mtu akiigeuza taratibu hiyo, ustadi wake wote hautamfaa.

Yafaa kwanza tukijue kitu chenyewe. Ndani ya kile kipande cha plastiki, ambacho katika umbo lake dogo liitwalo microSD kina urefu wa milimita 15 na upana wa milimita 11, hamna sumaku wala kitu kizungukacho. Mna vyumba vidogo mno vya silikoni, idadi yake mabilioni, na kila kimoja hufungia chaji ya umeme na kuishika hata umeme wa nje ukiisha kuondolewa. Hiyo ndiyo memori ya flashi, aliyoibuni Fujio Masuoka alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba nchini Japani. Aliieleza mbele ya wataalamu mwaka 1984, na aina ya NAND, ambayo ndiyo imo katika kadi zetu, ikafuata mwaka 1987. Kadi ya SD ilitangazwa mwaka 1999 na makampuni matatu, Panasonic, SanDisk na Toshiba, na mwaka uliofuata wakaunda jumuiya ya kusimamia kanuni zake. Kila tendo la kufuta na kuandika hukichakaza chumba kidogo: aina ya zamani, iliyoweka biti moja katika chumba kimoja, ilivumilia takriban mara 100,000, ilhali aina ya bei nafuu ya siku hizi, inayorundika biti tatu mahali pamoja, huhesabiwa kwa maelfu machache, na nyingine hazifiki hata huko.

Lakini mtumiaji hauoni uchakavu huo, kwa sababu ndani ya kadi mna kidhibiti, yaani kompyuta ndogo ifanyayo kazi usiku na mchana bila ya kutajwa, ambayo hugawa maandishi ili vyumba vichakae kwa usawa, hurekebisha biti zilizopotoka, na kila sehemu inapoharibika huiacha na kutumia ya akiba mahali pake. Kidhibiti hiki huzificha aibu za vyumba vyake kwa muda mrefu ajabu. Kwa hiyo kosa la kusoma likifika hadi kwenye kioo cha kompyuta, mambo ni moja katika matatu: ama njia baina ya kadi na kompyuta ni mbovu, ama mpangilio wa mafaili umevurugika au haufahamiki, ama mwili wa kadi umeshindwa, na kidhibiti hakina tena cha kuficha. Maradhi haya matatu hufanana kwa sura na hutofautiana kabisa kwa dawa.

Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, husifiwa kwa mambo mengi ambayo wengine hawayaoni. Lakini katika jambo hili sifa yake haina mpinzani, nayo ni kwamba haifichi neno. Mifumo mingine humwonyesha mtu kidirisha cha masikitiko na kitufe cha kukubali, ilhali kiini cha Linux, kiitwacho kerneli, huandika kila tukio katika kumbukumbu ambayo mwenye kompyuta aweza kuisoma wakati wowote. Taksiri ya kumbukumbu hiyo ni kwamba huandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa makao ya mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini yenye maneno ya Kiswahili. Lakini kazi kama hiyo haikufika kwenye maneno ya kerneli, na kwa hiyo itanilazimu hapa kumtafsiria msomaji.

Tuanze na njia, kwa sababu uchunguzi wake hauna gharama. Kadi itolewe, itazamwe chini ya mwanga, na vigusio vyake vya rangi ya dhahabu vipanguswe kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, au kilichochovywa kidogo katika spiriti safi na kuachwa kikauke. Wakazi wa mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hawahitaji kuambiwa chumvi ya hewani hufanya nini juu ya madini. Kisomaji cha kadi kilichokaa wazi miaka mingi katika duka lililo karibu na bahari hupata kutu ndani ya tundu lake, mahali ambapo jicho halifiki, kisha kila kadi itiwayo humo huhesabiwa kuwa mbovu. Kadi ndogo ikiwa imevalishwa adapta ili ilingane na tundu kubwa, adapta hiyo nayo ishukiwe, na pengine ishukiwe kwanza, kwa kuwa ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika msafara huo na ndicho kinachodumu kidogo. Kadhalika waya wa kisomaji, na tundu la USB lenyewe, hasa lile la mbele ya kompyuta ya mezani ambalo huunganishwa kwa waya mrefu ndani ya sanduku. Kanuni ni hii: kadi isihukumiwe kabla haijajaribiwa katika visomaji viwili vilivyo tofauti kabisa, na kisomaji kisihukumiwe kabla hakijajaribiwa kwa kadi nyingine inayojulikana kuwa nzima.

Umri wa kisomaji nao una neno. Kadi za SD za awali hazikupita gigabaiti 2. Mwaka 2006 ikaja SDHC yenye kufika gigabaiti 32, na mwaka 2009 ikaja SDXC yenye kufika terabaiti 2. Umbo la nje halikubadilika, na kwa sababu hiyo kadi mpya huingia vizuri katika kisomaji cha kale ambacho hakiwezi kuelewana nayo asilani, na mwenye kadi huapa kwamba ameuziwa kitu kibovu. Ama ile swichi ndogo ya kufunga maandishi iliyo ubavuni mwa kadi kubwa, hiyo haizuii kusoma. Huzuia kuandika tu, tena haina waya wowote uendao ndani ya kadi: ni kisomaji ndicho kinachotazama ilipo na kuamua. Swichi ikilegea, kadi huonekana imefungwa ilhali haijafungwa.

Baada ya hayo ndipo mtu afungue dirisha la amri. Amri ya kwanza ni lsblk, ambayo huorodhesha diski zote zilizotambuliwa pamoja na ukubwa wake. Kadi iliyotiwa katika tundu la kompyuta mpakato aghalabu hupewa jina la mmcblk0, na sehemu yake ya kwanza huitwa mmcblk0p1. Ikipitia kisomaji cha USB huitwa sdb au sdc, na sehemu yake sdb1 au sdc1. Kwa kuwa diski ya kompyuta yenyewe nayo yaweza kuwa na jina la jamii hiyo, mtu asiende mbele kabla ya kulinganisha ukubwa: aliye na kadi ya gigabaiti 32 atafute kitu chenye kiasi kinachokaribia hapo, si kingine. Ikiwa kadi haimo kabisa katika orodha, basi mazungumzo juu ya mpangilio wa mafaili hayana maana bado, maana kompyuta haijui kwamba pana kadi. Shida iko kwenye njia, au kidhibiti kimekufa.

Amri ya pili, na kwangu ndiyo bora kuliko zote, ni “sudo dmesg -w”. Mtu huiandika kadi ikiwa nje, kisha huitia kadi na kutazama kerneli ikiandika iyaonayo kwa wakati ule ule. Hapo namba hudhihirisha yaliyofichwa na lile tangazo la sababu tano. Namba -110 ina maana kwamba kerneli iliuliza na kadi haikujibu katika muda uliowekwa. Namba -84 ina maana kwamba jawabu lilikuja, lakini hesabu ya kuhakiki haikulingana na kilichopokewa, yaani maneno yaliharibikia njiani. Namba hii kwa kawaida humwelekeza mtu kwenye vigusio, adapta au kasi, na mwenye kuiona ana haki ya kutumaini. Kadi za kasi za siku hizi huanza mazungumzo kwa umeme wa volti 3.3, kisha, zikikubaliana na kisomaji, hushuka hadi volti 1.8 ili ziende mbio zaidi. Visomaji vingine vya kompyuta mpakato hushindwa katika mabadiliko hayo, na kadi ile ile ikahamishiwa katika kisomaji cha USB cha bei ndogo husomeka bila ya matata. Kwa upande wa USB, namba -71 huashiria kwamba mazungumzo baina ya kompyuta na kisomaji chenyewe yamevurugika, na hapo kadi huenda haihusiki hata kidogo: badilisha tundu, badilisha waya.

Habari mbaya ni ile ya I/O error ikifuatiwa na namba ya sekta. Sekta ni kipande cha baiti 512, na kerneli inasema kwamba imekiomba kipande hicho na haikukipata. Sekta zikitajwa ovyo, leo hizi na kesho zile, bado njia yaweza kushtakiwa. Lakini zikitajwa zile zile kila mara, katika visomaji viwili, tena kerneli ikaongeza neno Medium Error, basi vyumba vyenyewe vimeshindwa, na kuanzia hapo kila dakika ambayo kadi imetiwa umeme bila ya shabaha ni dakika iliyopotezwa. Kadi za kawaida hazina ripoti ya afya kama ile ya diski kubwa za kompyuta, kwa hiyo ushahidi huu wa dmesg ndio pekee utakaoupata.

Yako mambo mawili ambamo kadi ni nzima, njia ni nzima, na bado haisomeki. La kwanza ni mpangilio uitwao exFAT, ulioletwa na Microsoft mwaka 2006 na kufanywa kanuni ya kadi za SDXC, zote zilizozidi gigabaiti 32. Kwa miaka mingi kerneli ya Linux haikuwa na ujuzi wake ndani, kwa sababu za hataza, na watu walilazimika kuongeza programu ya pembeni iitwayo exfat-fuse. Mnamo Agosti 2019 Microsoft ilitangaza maelezo ya mpangilio huo hadharani. Kerneli ya 5.4 ya mwaka ule ikaupokea kwa majaribio, na ya 5.7, iliyotoka Mei 2020, ikapata kazi nzuri zaidi iliyoandikwa na Samsung. Mwenye kompyuta kuukuu yenye Linux ya kabla ya hapo, akiambiwa kwamba aina ya exfat haijulikani, ajue kwamba kadi yake haina ugonjwa wowote. Dawa ni kuongeza programu ile au kuihuisha Linux yake. Nafikiri hakuna kadi zilizofomatiwa bure kuliko hizi.

La pili ni la simu. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu humruhusu mtu kuifanya kadi kuwa sehemu ya hazina yake ya ndani, na akikubali, kadi hufungwa kwa siri ambayo ufunguo wake hukaa ndani ya simu ile tu. Kadi hiyo ikitiwa katika kompyuta yoyote huonekana kama imejaa takataka zisizosomeka, na hakuna ustadi wa fundi utakaoifungua. Simu ikiharibika au ikirejeshwa katika hali ya kiwandani, yaliyomo yamekwenda pamoja nayo. Mtu aulizwe kwanza kadi ilitoka wapi.

Sasa tufike kwenye uokoaji wenyewe. Mpangilio wa mafaili ni kama daftari la bohari: limeandikwa kila mzigo uko rafu gani na una ukubwa gani. Daftari likichanika, au kurasa zake zikaandikwa nusu, mizigo haikutoka rafuni; kilichopotea ni habari ya mahali ilipo. Na kufomati kwa haraka ni kuleta daftari jipya tupu, kisha kila mzigo mpya uingiao hupangwa juu ya mizigo ya zamani kana kwamba haikuwapo. Ndiyo maana aliyekwisha kufomati kwa bahati mbaya bado ana tumaini, maadam hakuandika kitu tena. Ila simu na kamera nyingine, pamoja na kuleta daftari jipya, huamuru na rafu zisafishwe, na hapo tumaini hupungua sana.

Kwa hiyo kabla ya kulitengeneza daftari, bohari nzima inakiliwe. Programu ya kazi hii ni ddrescue ya mradi wa GNU, iliyoandikwa na Antonio Díaz Díaz, ambayo katika Linux za aina ya Debian na Ubuntu hupatikana kwa jina la gddrescue. Kwanza sehemu zote za kadi zitenganishwe na mfumo kwa amri ya umount, kisha kadi inakiliwe nzima, si faili moja moja, kwa maneno haya: “sudo ddrescue -n /dev/sdb kadi.img kadi.map”. Neno la kwanza ni kadi inayosomwa, la pili ni faili litakalopokea nakala, na la tatu ni ramani, ambamo programu hujiandikia sehemu zilizosomwa na zilizogoma. Hekima yake ni kwamba huchukua kwanza vyote vilivyo vyepesi na kuyaruka maeneo mabovu, wala haing’ang’anii sekta moja iliyokufa huku nzima zikingoja, kisha, kadi ikiwa bado ina nguvu, hurudishwa kwa yale magumu kwa amri “sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb kadi.img kadi.map”, yaani ijaribu tena mara tatu. Kwa kuwa ramani ipo, kazi yaweza kukatizwa, kadi ikapumzishwa au ikahamishiwa kisomaji kingine, na kazi ikaendelea pale ilipoachwa.

Hapa pana hadhari tatu. Nakala itakuwa na ukubwa wa kadi nzima, hata kama picha zilizomo ni chache, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 hudai nafasi ya gigabaiti 64. Pili, nakala isielekezwe kwenye diski ya nje iliyopangwa kwa FAT32, kwani mpangilio huo haukubali faili lifikalo gigabaiti 4. Tatu, mpangilio wa maneno usigeuzwe: anayetanguliza nakala na kuifuatisha kadi ameamuru kadi iandikwe juu yake. Programu ya ddrescue ina huruma, hukataa kuandika juu ya diski mpaka iongezwe herufi ya kulazimisha. Amri ya zamani ya dd, ambayo bado yapendekezwa na watu wengi wema, haina huruma hiyo, tena kwa kawaida husimama penye kosa la kwanza. Sioni sababu ya kuitumia kwa kadi inayougua.

Nakala ikiisha kupatikana, kadi iwekwe kando, na kazi yote iliyobaki ifanywe juu ya nakala, tena afadhali juu ya nakala ya nakala, tuiite kadi2.img. Amri “sudo losetup -fP --show kadi2.img” hulifanya faili lile lionekane kama diski, na hutaja jina lake, mathalani loop0, ambalo sehemu yake ya kwanza ni loop0p1. Kwa mpangilio wa FAT32 hutumika fsck.vfat, na kwa exFAT hutumika fsck.exfat, zote mbili zikianza na herufi -n, ambayo maana yake ni kutazama na kutoa ripoti bila ya kugusa kitu. FAT ina tabia njema ya kuweka daftari lake mara mbili, na FAT32 huweka hata nakala ya ukurasa wake wa mwanzo katika sekta ya 6. Mara nyingi hayo hutosha kurudisha kila kitu kwa majina yake. Ripoti ikionyesha makosa madogo, -n hubadilishwa kuwa -a katika vfat na matengenezo hufanyika. Vipande visivyo na mwenyewe hupewa majina kama FSCK0000.REC, na ndani yake pengine mna picha nzima.

Ikiwa daftari limeharibika kupita kusomwa, zipo programu mbili za Mfaransa Christophe Grenier ambazo husambazwa pamoja. TestDisk hutafuta sehemu zilizopotea na kurudisha ukurasa wa mwanzo. PhotoRec hulidharau daftari kabisa. Hupita rafu baada ya rafu ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo, kwa mfano picha ya JPEG ambayo siku zote huanza na baiti za FF D8 FF, kisha huchota kuanzia hapo. Majina na tarehe za mafaili hupotea, na mtu huletewa mamia ya picha zenye majina ya namba, apange mwenyewe. Picha huokoka vizuri kwa sababu kamera aghalabu huziandika mfululizo. Video ndefu huokoka kwa shida, kwa kuwa huenda zimekatwa vipande na kutawanywa, na PhotoRec haijui kipande kipi kinafuata kipi. Yaliyookolewa yahifadhiwe katika diski ya kompyuta, wala yasirudishwe kwenye kadi ile ile hata kidogo.

Siwezi kuacha kutaja kadi za ghushi, ambazo zimejaa katika masoko ya dunia na kwetu hazikukosekana. Hadaa yake si ya nembo tu. Kidhibiti cha kadi yenye gigabaiti 8 hufundishwa kusema kwamba ina 128, na kompyuta na simu huamini, kwa sababu hakuna mwingine wa kuulizwa. Picha za mwanzo hukaa salama. Nafasi ya kweli ikijaa, zifuatazo hutupwa pasipo na kitu, au huandikwa juu ya zile za kwanza, na daftari linaendelea kuonyesha majina yote kana kwamba hakuna lililotokea. Mpiga picha hugundua baada ya sherehe kwamba picha za asubuhi zafunguka na za jioni ni nusu ya kijivu. Dhidi ya hila hii, Michel Machado aliandika f3: f3write huijaza kadi yote kwa mafaili ya majaribio, na f3read huyasoma na kusema ni kiasi gani kilirudi kama kilivyoandikwa. Jaribio hili huchukua muda, pengine saa kadhaa kwa kadi kubwa, lakini mwenye kuishi kwa kazi ya picha asiitumie kadi mpya kabla ya kulifanya, na muuzaji mwaminifu hana cha kuhofia nalo.

Vipi kadi ikisomeka lakini ikakataa kufutwa? Huenda mtu amefomati, akaambiwa kazi imefaulu, akaitoa kadi na kuirudisha, na mafaili yake yote ya zamani yako pale pale. Si uchawi. Kadi nyingine, vyumba vyake vikichoka, hujifunga zisiandikwe tena, na zinajifanya kupokea amri ambazo hazizitekelezi. Kompyuta hupumbazika kwa muda kwa sababu hukumbuka kile ilichokiandika, mpaka kadi isomwe upya. Hiyo ni bahati ndani ya msiba, maana vyote husomeka: vinakiliwe, kisha kadi ivunjwe kwa koleo, kwa kuwa haifutiki na siri za mwenyewe zimo ndani yake.

Madhara mengi huanzia katika kuichomoa kadi kabla ya wakati. Linux huyapokea maandishi kwanza katika memori ya kompyuta na kuyapeleka kwenye kadi polepole, kwa hiyo kipimo cha kunakili chaweza kufika mwisho ilhali sehemu ya mafaili haijaondoka. Amri ya umount, au kile kitufe cha kutoa kadi kwa usalama, haimalizi mpaka vyote vimefika. Mwenye kukipuuza atakaribishwa safari ijayo na onyo kwamba kadi haikufungwa vizuri na huenda data imeharibika. Kukatika kwa umeme hufanya vivyo hivyo, na wenye kompyuta ndogo za Raspberry Pi, ambazo mfumo wake wote hukaa juu ya kadi na huandika humo bila ya kupumzika, wanaujua msiba huo vema. Hao wanunue kadi zilizotengenezwa kwa kuandikwa sana, na wawe na nakala ya akiba.

Kadi iliyokwisha kutoa makosa ya sekta zile zile katika visomaji viwili isipewe amana tena, hata kama baada ya kufomatiwa yaonekana nzima. Na kwenu mafundi wa simu na kompyuta, ambao ndio mnaoletewa kadi hizi mchana kutwa, nina ombi moja: kabla ya kubonyeza kitufe cha kufomati, mwulizeni mwenye kadi kama yaliyomo yana thamani kwake, na akisema ndiyo, nakilini kadi kwanza, mkimtoza kwa haki muda huo, na kama hamna nafasi wala diski ya kufanyia kazi hiyo, mrudishieni kadi yake kama ilivyokuja.